Teke la Kigoda

Uvumi niliupata kwenye mashine ya kusaga mahindi hapa kwetu Jilore, na siku tatu haukunitoka kichwani: ati binti yangu Kanze ana mwanamume mtaani Kisumu Ndogo, na mwanamume huyo humpiga.

"Mwangalie muundi, mamangu," jirani yangu Kahonzi alininong'oneza, kama anayetoa rambirambi. "Mwenyewe utaona."

Nikauangalia. Umevilia kweli. Na Jumamosi watu wa Tezo walikuwa waje kumposea kijana wao Dena, na kadzama, kile kibuyu cha mnazi, pombe ya posa. Wakisikia haya, si watarudi nacho?

Ijumaa mchana nikamfuata hadi Kisumu Ndogo, mwiko mkononi. Akaingia kibanda cha video. Nikasukuma pazia.

Mwanamume nilimwona, lakini kwenye runinga. Mchina mwembamba anapigana na watu watatu kwa kigoda, bakuli la wali hajaliweka chini. Anarusha teke, anajigonga goti, analia kama mtoto. Mtafsiri anamsemea kwa Kiswahili: "Ngojeni nimeze kwanza!"

Nilikuja kupigana, nikakaa. Nikacheka hadi leso ikanianguka. Wababe wa filamu nyingine hawaogopi kitu, nami siwaamini. Huyu anaogopa kama mimi, anashika chochote cha jikoni, na bado anashinda.

"Na huo muundi?" nikamuuliza Kanze njiani.

"Kigoda chetu, mama. Nilijaribu kukirusha kwa mguu."

"Kesho mbele ya wakwe usithubutu!"

"Sithubutu, mama."

Jumamosi wageni wakaketi uani. Mume wangu Sanga akamwita Kanze amletee kadzama na kujibu kama mnazi unywewe. Ukimwagika kabla ya jibu, wazee wetu huona nuksi, posa inavunjika.

Kanze akainua kibuyu. Kuku na vifaranga wakampita miguuni. Akajikwaa, kibuyu kikamponyoka.

Akatoa mguu. Kikatua juu ya wayo, akakirusha, akazunguka, akakidaka. Hakikumwaga tone.

Nikaona posa imekwenda.

Mzee Fondo, babake Dena, akasimama. "Hilo si teke la kigoda?"

"Ndilo, baba," Kanze akajibu, macho chini.

"Umekosea! Mguu huenda hivi..." Akainua wake, akaanguka kwa makalio.

"Pole, baba. Lakini wewe umetua kabla ya kuruka!"

Mzee akacheka hadi akashindwa kuinuka. "Huyu simwachi Jilore!"

Sanga akajipangusa machozi. "Haya, Kanze, mnazi tuunywe?"

"Unyweni, baba."

Kina mama wenye mabinti, jiepusheni na haya:

Habari za kwenye mashine ya kusaga.

Kuingia kibanda cha video na mwiko. Watu watakuogopa, nawe utakosa wa kukaa naye.

Kuku uani siku ya posa.

Kumpa mkwe nafasi ya kuonyesha.

Kulijaribu teke lile jikoni, mtu wa umri wangu. Muundi bado unaniuma.