Kanda ya La Crosse

Niliipinga FLAC kwa sababu saba, na zote saba zilikuwa za uongo.

Ilikuwa Jumapili mchana mwishoni mwa Oktoba 2003, kwenye karakana ya Verna Pfaff mjini Eau Claire. Tulikuwa watu tisa, tumezunguka kompyuta badala ya jiko la mkaa, na kwenye benchi la fundi kulikuwa na vipande vya jibini, bia, na sinia la viazi na nyama ya kusaga ambalo Verna huoka kila mkutano bila kuombwa. Sisi ndio tuliokuwa tukitunza rekodi za bendi ya Tamarack. Bendi hiyo iliruhusu mtu yeyote asimamishe maikrofoni zake uwanjani na kurekodi, mradi asiuze. Kwa hiyo tulirekodi, tukabadilishana, na tukagombana.

"Orrin, sema tena sababu ya nne," alisema Gib Haugen, dereva mstaafu wa basi la shule. Alipenda kunichokoza. "Ile ya nne sikuielewa kabisa."

"Nimesema tumeshazoea SHN. Inafanya kazi. Kwa nini tuhangaike?"

"Hiyo ilikuwa ya pili, bwana."

Wakacheka. Mimi nilikuwa mwenyekiti na walinicheka.

Nieleze kidogo, maana mke wangu Marlys nimemweleza miaka kumi na bado ananitazama kama mgonjwa. SHN ni namna ya kuikunja sauti ili itoshe kwenye diski, kama unavyokunja shuka. Ukiikunjua, shuka ni lile lile. FLAC nayo hukunja tu, ila hukunja vizuri zaidi, hubeba majina ya nyimbo ndani yake, na hubeba sauti nene, yenye undani zaidi, ambayo SHN haikuiweza. MP3 ni kitu kingine. MP3 hukata pindo la shuka, yaani sauti nyembamba za juu kabisa, ili litoshe kwenye sanduku, kisha hukuapia kwamba hakuna kilichopungua. Kwetu MP3 ilikuwa haramu. Kanuni ya kundi ilisema hivi: yeyote atakayeeneza rekodi iliyopitia MP3, akijua asijue, anakaa nje miaka mitano. Niliiandika mimi mwenyewe, na hayo maneno "akijua asijue" nilijivunia sana.

"Haya, hoja imepita," alisema Verna. Alikuwa mpimaji wa maziwa kiwandani na alikuwa na macho ya kazi hiyo. "Tunahamia FLAC. Na kwa kuwa FLAC inabeba sauti nene, hatutageuza mafaili ya zamani. Kila mwenye kanda ya asili anarudi kwenye kanda yake na kuanza upya. Tunaanza na La Crosse."

Wote wakanigeukia wakitabasamu. La Crosse ilikuwa yangu.

"Wiki tano zinakutosha?" aliuliza Verna. "Halafu nina programu mpya, inachora picha ya sauti. Kila faili litapita hapo kwanza kabla halijaenda kwa watu. Mwongo hatapita."

"Zinanitosha," nilisema.

Sababu ya nane, ile ya kweli, ni kwamba kanda ya La Crosse haikuwepo.

Niliirekodi Agosti 1994 kwenye uwanja wa maonyesho ya wakulima, nikiwa nimesimama katikati ya umati na mlingoti wa maikrofoni mkononi saa moja na nusu nzima. Kila mtu aliyewahi kushika kaseti anajua kwamba ukishamaliza kurekodi unavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwake, ili asije mtu akarekodi juu. Mimi sikuvunja. Nilikuwa na furaha mno, nikaenda kula. Mwaka 1997, watu walipoanza kuniomba La Crosse kwenye diski, niliiweka kanda mashineni na nikakutana na kwaya ya Kilutheri ya kina Marlys ikifanya mazoezi ya Krismasi. Dakika tisini, pande zote mbili, na katikati mchungaji anaomba mtu akafunge dirisha.

Ningesema ukweli siku ile ingekuwa kichekesho tu. Lakini watu thelathini na wawili walikuwa wanasubiri. Nikaingia mtandaoni, nikakuta mtu wa Iowa ameweka MP3 iliyotoka kwenye nakala ya nakala niliyowahi kuitoa. Nikaikunjua, nikaikunja tena kwa SHN, nikaandika juu yake "kutoka kanda ya asili, O. Tollefson." Dunia nzima ikaisifu. Walisema ina joto. Mtu mmoja wa Japani alisema imemliza.

Kama picha ya Verna ingenikamata, ningekaa nje miaka mitano. Huenda wewe unaona si kitu. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na sita, nilikuwa nimestaafu posta, na zile Jumapili za karakanani ndizo zilizokuwa zikinitoa kitandani siku nyingine zote. Sikuwa na marafiki wengine. Niliogopa kwa kweli.

Kulikuwa na njia moja tu. Siku ile ya La Crosse, Lowell Drozd alichomeka waya wa mashine yake kwenye yangu, kama tufanyavyo wote mwenzetu akikosa maikrofoni. Maikrofoni zile zile, sekunde zile zile, kanda mbili. Na Lowell si mtu wa kusahau kuvunja plastiki.

Tatizo ni kwamba mimi ndiye niliyemfukuza Lowell. Mwaka 1998 alieneza rekodi ya Fargo aliyopewa na mtu, ikagundulika ilipitia MP3. Alisema hakujua. Nilisimama mbele ya watu nikamsomea "akijua asijue" kwa sauti ya hakimu, huku La Crosse yangu ikiwa imeshazunguka mwaka mzima.

Nilimkuta kwenye banda lake kule Chippewa Falls, anatengeneza mashine ya kuondolea theluji. Hakuinuka.

"Haa, mheshimiwa," alisema. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Lowell, bado unayo kanda yako ya La Crosse?"

"Ninayo. Kwani yako ina nini?"

Nikamweleza yote, kwaya, mchungaji, dirisha. Alinisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Nilipofika kwenye MP3 alikaa juu ya ndoo. Akacheka mpaka akakohoa, akatulia, akanitazama, akaanza tena.

"Wewe!" alisema. "Wewe Orrin! Na ulivyonisomea ile kanuni! Ulivaa tai siku ile, unakumbuka? Tai!"

"Nakumbuka."

"Sasa unataka nini?"

"Niazime kanda. Nitaipitisha kwenye kompyuta, nitairudisha siku hiyo hiyo. Hakuna atakayejua. Ni ile ile rekodi yangu, Lowell, ni maikrofoni zangu."

Aliitazama kalenda ya duka la mbegu iliyokuwa ukutani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama kalenda.

"Mkutano lini?"

"Jumapili ya mwisho ya Novemba."

"Sawa. Nitakupa. Lakini siku hiyo nakuja na wewe. Nitakaa garini, sitasema neno. Nataka tu kuwa karibu."

Nilimwona mjinga. Nilimshukuru kwa kichwa, nikachukua kanda na kuondoka haraka kabla hajabadili mawazo. Ilikuwa imevunjwa plastiki zote mbili, na juu yake amebandika karatasi iliyoandikwa "La Crosse".

Jumapili ile niliingia karakanani nikiwa nimenyoa. Lowell alibaki ndani ya gari na thamosi yake. Verna alipokea diski yangu, akaifungulia kwenye spika kubwa, watu wakafumba macho tayari kwa joto.

Gib ndiye aliyefumbua kwanza.

"Hii siyo," alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo La Crosse. La Crosse naijua mimi. Hii inachoma. Sikia hayo matoazi! Na huo mvumo unatoka wapi?"

"Kanda zina mvumo, Gib."

"Ya kwetu haina."

"Kwangu pia haikai sawa," alisema mwingine. "Ile yetu ilikuwa laini."

"Orrin," alisema Verna polepole, "umetuletea nini hapa?"

Jamani, nilitaka kucheka na kulia pamoja. Miaka sita niliwalisha bandia wakalamba vidole, na siku niliyowaletea ya kweli wakaitema. Ningenyamaza kidogo tu pengine yangepita. Lakini nilikasirika. Nilikasirika kama mtu aliyeonewa, mimi!

"Ipimeni basi!" nilifoka. "Si mna programu? Ichoreni!"

Verna akaichora. Picha ikapanda mpaka juu kabisa ya kioo, na ukungu mwembamba huko kileleni, kama inavyotakiwa.

"Safi," alisema. Sauti yake ilishuka. "Hii imetoka kwenye kanda. Haijaguswa."

"Nimewaambia!"

"Kama hii ndiyo ya kweli," alisema Verna, mkono umeshafika kwenye kipanya, "ile tuliyo nayo ni nini?"

"Hakuna haja," nilisema. "Viazi vinapoa."

Akabofya. Picha ya ile ya zamani ikapanda mpaka robo tatu ya kioo ikaishia hapo, sawasawa, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Juu yake hapakuwa na kitu. Hata mtoto angeona.

Nikasema yote. Niliongea nikitazama sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta.

"Miaka mitano," alisema Verna. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani alikuwa ameipenda La Crosse kuliko sisi wote. "Kanuni ni kanuni, Orrin. Uliiandika wewe."

"Najua."

Nilishavaa koti wakati Gib alipokohoa.

"Subirini kidogo," alisema. "Inasemaje hasa? Yeyote atakayeeneza."

"Akijua asijue," nilisema.

"Verna, ile ya Japani nani aliituma?"

"Mimi," alisema Verna.

"Mimi niliwapa watu kumi na wanne," aliendelea Gib, akihesabu kwenye vidole kwa mshangao wa kweli. "Dale, wewe uliwapa kundi lote la Duluth. Nani hapa hajaieneza La Crosse?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa akitafuta mwenzake aliye msafi, na hakuna aliyempata. Verna, mpimaji wa maziwa, aliyekuwa hajawahi kupitisha hata chupa moja chafu, akakaa chini kwenye tairi.

"Tumejifukuza wote," alisema.

"Wote," alisema Gib. "Kundi halina mtu."

Mlango wa pembeni, uliokuwa wazi kidogo muda wote, ukafunguka, akaingia Lowell Drozd na theluji mabegani, thamosi tupu mkononi.

"Samahani, sisemi neno," alisema. "Kahawa tu imeniishia."

Akaiona picha kwenye kioo, akaziona nyuso zetu, akajimiminia kahawa bila haraka.

"Mimi mlinifukuza tarehe ishirini na mbili Novemba, mwaka tisini na nane," alisema. "Jana imetimia miaka mitano na wiki moja. Nimesharudi, kwa mujibu wa kanuni. Na La Crosse sijawahi kumpa mtu, maana nani angepokea kitu kutoka kwangu?"

Hapo nikaielewa ile kalenda.

"Kwa hiyo mwanakundi ni wewe peke yako," alisema Gib.

"Naona hivyo. Nami naona miaka mitano ni mingi, nitazungumza na nani? Mtaingia kama wanavyoingia wageni."

"Thubutu!" alisema Verna. "Mimi? Nina miaka kumi na moja kwenye kundi hili!"

"Ulikuwa nayo, mama. Diski tupu mbili, bahasha ya kurudishia yenye stempu, na barua ya adabu ya kuomba. Nitawajibu mmoja mmoja. Haya, hivyo viazi vimepoa kweli au mtu ananionea choyo?"

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza posta, kwenye dirisha nililolikalia miaka ishirini na nane. Barua yangu ilikuwa na kurasa mbili. Nilieleza habari za kaseti, za kwaya, za shinikizo la wale watu thelathini na wawili. Kwa maoni yangu ilikuwa barua nzuri.

Wiki ile Gib alipata La Crosse yake kwa FLAC kutoka kwa Lowell, kwenye zile diski alizozituma tupu. Dale akapata. Verna akapata, akanipigia simu kuniambia kwamba matoazi yale ukiyazoea huwezi kurudi nyuma, kisha akakumbuka kwamba amenikasirikia na akakata.

Yangu ilirudi Ijumaa. Diski zilikuwa bado tupu. Barua yangu ilikuwamo, na chini yake Lowell ameandika kwa penseli: "Nimesoma mara mbili nikitafuta neno moja. Umenijia bandani kwangu, umechukua kanda yangu, tumepanda gari moja kwenda na kurudi, na sasa kurasa mbili. Bado hujalisema. Andika upya."

Nilisimama jikoni na koti langu. Aibu niliyoikwepa karakanani, kwa kuwa wote tulikuwa wachafu pamoja, ilinishika pale nikiwa peke yangu, na nikajua kwamba nilimsomea mtu kanuni nikiwa nimevaa tai, na sikuwahi hata siku moja kumwambia samahani.

Niliketi nikaandika neno hilo, moja tu, katikati ya karatasi, na jina lake mbele. Lilinichukua mchana mzima. Sikuweka diski wala bahasha ya kurudishia, kwa kuwa sikuwa namwomba kitu.