Chumba cha Pembe

Dahabo alikuwa akichuja maziwa ya ngamia kibarazani kwake, nyuma ya stendi ya mabasi ya Garsen, bintiye Hanan alipomsogezea simu amwonyeshe nyumba. Ilikuwa nyumba kubwa nyeupe, paa lake la vigae vyekundu, veranda imeizunguka pande zote, na mbele yake nyasi mbichi ambazo hazikuwa na habari na kiangazi cha mwaka ule.

"Mama, Idi pili tuende hapa," alisema Hanan. "Ndiyo ile ya Bwana Kofia. Wameitengeneza, sasa ni makumbusho. Mnaingia, mnaonyeshwa vyumba, halafu mnatandika mkeka nje mnakula."

"Nyasi hizo zanywa maji ya wapi?"

"Ya mto. Wana pampu."

Dahabo akaendelea kuchuja. Nyumba ile, iliyokuwa kando ya mto chini ya Ngao, aliijua kwa sifa tu. Mzungu mmoja mkulima wa pamba ndiye aliyeijenga enzi za ukoloni, na watu walimwita Bwana Kofia kwa kuwa hakuna aliyepata kumwona kichwa wazi. Aliijenga katikati ya malka, njia ambayo ng'ombe wa Waorma walikuwa wakiteremkia mtoni kunywa, kisha akazungusha waya. Tangu hapo wachungaji waliizunguka nyumba ile kwa mbali, kama mtu anavyozunguka shimo. Mzungu aliondoka, popo wakaingia. Popo nao wakaondolewa, na sasa ikawa na kampuni yake, meneja wake na picha zake kwenye simu.

Kassim, mume wa Dahabo, aliporudi kutoka mnadani alisema yeye angependelea Malindi. Kassim alikuwa Mswahili wa Kipini aliyekuja Garsen ujanani kuuza samaki wakavu, akaishia kununua ng'ombe.

"Malindi twaijua," alisema Hanan. "Hapa hatujawahi kuingia hata mmoja wetu."

"Mlango usioujua una sababu yake," alisema Kassim, lakini alisema huku akivua viatu, na Hanan akajua amekubali.

Walikuwa bado wanapanga, biriani au pilau, mkeka mmoja au miwili, gari la kuazima kwa nani, pale Gollo alipoingia. Gollo alikuwa babake Dahabo. Alikuwa amekufa mwaka ule mafuriko yalipokata barabara, na matanga yake hayakuwa yamekwisha alipoanza kuja nyumbani. Alikuja kila siku baada ya alasiri, akakaa kwenye kigoda chake karibu na mtungi wa maji. Hakula, hakumsumbua mtu. Imamu alipoulizwa alisema wamrudishie salamu vizuri na wasimtume kitu huko anakotoka. Mara moja tu kila siku Gollo aliuliza swali lake.

"Guyo amefika?"

"Bado, Abba," Dahabo alijibu, kama alivyojibu jana.

Kwa kawaida hapo mzee hunyamaza mpaka jua likaribie kuchwa, kisha huinuka na kuondoka.

Guyo alikuwa kaka yake mkubwa. Gollo alipokuwa mtoto, Guyo alitoka na ng'ombe wa ukoo kuwapeleka kunywa, asirudi, yeye wala ng'ombe. Watu walingoja msimu mzima. Mwishowe wakasema amewavusha mpaka, akawauza Somalia, akaoa huko na kunenepa. Ng'ombe walikuwa wa watu wengi, na neno mwizi likaingia nyumbani kwao likakaa kama moshi kwenye paa la makuti. Hakuna mtoto aliyepewa tena jina la Guyo. Dahabo mwenyewe alipokuwa msichana aliposwa na kijana aliyempenda, na wiki ya harusi wazee wa kijana wakaja wakarudisha kahawa waliyoandaliwa bila kuinywa. "Hatuoi kwa wezi," walisema, na wakaaga kwa adabu. Ndipo baadaye akaolewa na Kassim, mtu wa Kipini asiyezijua habari za watu wa bara. Alikuja kumpenda. Lakini vikombe vile vilivyorudi vimejaa hakuvisahau.

Gollo alipokufa alitazamia kumkuta kaka yake upande wa pili, ili amuulize. Alimkuta babake, akamkuta mamake, akawakuta hata ng'ombe kadhaa. Guyo hakuwapo. Basi akawa anarudi huku kuangalia, pengine bado yu hai.

Siku ile, baada ya kujibiwa, Gollo hakunyamaza.

"Hiyo safari," alisema, "mimi nitakwenda."

Hakuna aliyeona ajabu. Tatizo lilikuwa gari tu. Jirani yao Haroun aliahidi kuwaazima Probox yake, na Hanan akasema babu atakaa mbele kwa heshima. Kassim akataka kujua kama marehemu hutapika garini, maana viti vya Haroun vilikuwa vipya. Gollo akasema hapana. Ikaamuliwa watoke asubuhi na mapema, mzee asije akachelewa anakoitwa jua likichwa. Dahabo akasema ni pilau.

Idi pili Gollo alikuja alfajiri, mara yake ya kwanza, wakatoka. Kassim aliendesha, Gollo mbele akitazama nje, wanawake nyuma na sufuria katikati yao. Barabara ya vumbi ilifuata mto. Upande mmoja mashamba ya migomba na mahindi, upande wa pili mbuga iliyokauka, na ng'ombe mbavu nje wamesimama kwenye waya wakinusa maji wasiyoyaona. Gollo aliwatazama mpaka walipopotea nyuma.

Langoni walipokewa na msichana mchangamfu aliyevaa fulana ya kijani. Alikuwa Mpokomo wa Ngao na jina lake Lorna.

"Karibuni sana. Mzee naye anaingia?"

"Ni marehemu," alisema Hanan.

"Sawa, hakuna shida. Asiguse vitu tu."

Lorna aliijua kazi yake. Aliwaonyesha meza ya kulia ya mvule, beseni la kuogea lenye miguu ya simba, kitanda na chandarua chake cha hariri. Aliwaeleza jinsi Bwana Kofia alivyoleta pamba na jinsi alivyoulinda mto dhidi ya mifugo iliyokuwa ikiharibu kingo zake. Dahabo alitazama kila kitu kwa makini ya mtu aliyekuja kutembea. Aliyapenda mapazia. Alimuuliza Hanan kwa sauti ya chini, pamba hii yote, na vijakazi walilala wapi?

"Sasa hiki ndicho wageni wanakipenda kuliko vyote," alisema Lorna, akafungua mlango wa mwisho. "Chumba cha Pembe."

Kuta zote zilikuwa vichwa. Nyati, choroa, tandala, kongoni, simba mmoja aliyeliwa na nondo upande wa sikio, kila kimoja kimepigiliwa kwenye ubao uliong'arishwa. Juu ya meko, kati ya pembe za nyati wawili, palikuwa na ubao mdogo, na juu ya ubao fuvu la mtu. Lilikuwa jeupe, safi, limepakwa vanishi. Upande wa kisogo lilikuwa na tundu.

"Hili linaongea," alisema Lorna. "Subirini."

Wakasubiri. Gollo akaingia mwisho, polepole, na alipokanyaga zulia fuvu likafungua kinywa, likasema kwa Kiorma safi, kwa sauti ya kijana:

"Ng'ombe wamekunywa?"

"Mnaona?" alisema Lorna kwa furaha. "Kila mtu akiingia husema hivyo hivyo. Anatukaribisha."

Dahabo alirudi nyuma. Alishika kitu kilichokuwa karibu, na kumbe alichoshika ni pembe ya choroa. Akaiachilia kama moto. Fuvu kuongea halikumshtua. Mwenye kuongea akiwa na la kusema atasema. Kilichomshtua ni misumari iliyolipigilia ubaoni. Ilikuwa minne, ya shaba, imesuguliwa ikameta, na mtu fulani alikuwa akiisugua kila wiki.

"Guyo," alisema Gollo.

"Gollo," likajibu fuvu. "Umezeeka. Ng'ombe wamekunywa? Nilikata waya kidogo tu, wapite. Aliniambia nigeuke. Nikageuka."

Kassim, ambaye miaka ya mnadani ilimfunza Kiorma chote, alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake. Hanan alikuwa akilia bila sauti. Lorna aliwatazama mmoja mmoja, tabasamu lake likaanza kupungua.

"Amesema nini? Leo amesema mengi."

"Hakaribishi wageni," alisema Hanan. "Anauliza kama ng'ombe wamekunywa. Huyu ni kaka yake babu yangu. Alipigwa risasi hapa."

"Mimi nilidhani anatukaribisha," alisema Lorna. Alirudia mara ya pili, kisha akaketi sakafuni, jambo ambalo waongozaji hawakuruhusiwa kulifanya.

Kichwani mwa Dahabo palikuwa na jambo moja dogo tu likizunguka: kwamba umri wote ule walipomwita mwizi, na mama yake Gollo alipokufa akimlaani, na vikombe viliporudi vimejaa, yeye alikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, amepigiliwa kati ya nyati, akiulizia ng'ombe wa watu.

Meneja aliitwa. Jina lake Harith, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, akatoa pole, na alipomaliza kutoa pole alisema fuvu ni mali ya nyumba.

"Kampuni ilinunua nyumba pamoja na vilivyomo," alieleza. "Kiti, meza, kila kitu. Nikimtoa huyu, kesho atakuja mwenye simba."

"Simba hana ndugu hapa," alisema Kassim. "Huyu ndugu zake sisi! Mnatuuzia pilau letu wenyewe tulile juu ya maiti yetu?"

"Pilau mmekuja nalo, mzee wangu," alisema Harith kwa upole.

Hawakulila. Sufuria ilirudi Garsen kama ilivyokuja. Gollo hakurudi. Aliketi chini ya meko, mgongo ukutani, na Dahabo alipomwambia, "Abba, magharibi inaingia, utaitwa," alijibu kwamba wakimwita watajua alipo.

Wiki zilizofuata Dahabo alikwenda kwa chifu kumdai Guyo. Chifu alimpa kiti, akasikitika sana, akauliza kama marehemu alikuwa na kitambulisho. Dahabo akasema alikufa kabla ya vitambulisho, lakini anaweza kuulizwa mwenyewe, anajibu vizuri. Chifu akasema ushahidi wa mfu juu ya nafsi yake haukubaliki. Wazee wa ule ukoo uliorudisha kahawa walikuja pia, wakaketi kibarazani, wakasema wamesikia. Mmoja alianza kuomba radhi akashindwa kuimaliza. Dahabo aliwapa maziwa, wakanywa yote, na haikumsaidia kitu. Alikuwa bado anaiona misumari. Aliiona akichuja, aliiona akisali.

Imamu ndiye aliyesema kwamba kumzika hawawezi, lakini kumswalia wanaweza. Hanan akampigia Lorna simu, Lorna akamwomba meneja, na meneja akakubali mradi wasizuie njia ya wageni wengine. Wakaenda siku ya Jumamosi. Mara hii walijaza magari, wanaume wa mtaani, wachungaji wenye vumbi miguuni, Haroun mwenyewe. Lorna alifungua dirisha la Chumba cha Pembe ili Guyo awe karibu nao. Kupitia dirishani Dahabo alimwona babake chini ya meko, na juu yake mng'aro mdogo wa shaba.

Walipanga safu kwenye nyasi mbichi, wanaume mbele, wanawake nyuma. Imamu akanuia. Ilikuwa swala isiyo na rukuu wala sijda, ya watu kusimama tu, na ndani ya ule utulivu sauti ya kijana ilisikika mara moja ikiuliza, na sauti ya mzee ikijibu kwamba wamekunywa, wote, hata ndama. Nyuma ya waya ng'ombe walikuwa wamesimama na ndimi nje.

Kwenye veranda wageni wengine walikuwa wamejaa na simu zao. Imamu alipotoa salamu, wakapiga makofi.

Dahabo aligeuka kuwatazama. Walikuwa watu wa kawaida, wenye watoto, na nyuso zao zilijaa huruma. Mwanamke mmoja alikuwa akijifuta macho. Harith alishuka ngazi, akavuka nyasi mpaka kwao, akawashika mikono wote, wazee kwanza. Alisema imemgusa sana. Alisema katika muda wote aliokuwa pale hajaona kitu kizuri kama kile, na wageni wameuliza kama hufanyika siku zote.

"Nimewaza, kama mngeweza," alisema, "kuja kila Jumamosi. Hamtalipa langoni."

Imamu alitazama chini. Hanan alimshika mamake begani.

Dahabo alitazama dirishani, halafu akamtazama Harith, shati lake, uso wake wenye nia njema.

"Dirisha litakuwa wazi?" aliuliza.

"Litakuwa wazi."

"Basi tuambie saa," alisema Dahabo.