Balladonia, Saa Sita Mchana

Siku ile mjinga alikuwa Merv Trezise. Hakuna haja ya kumsengenya, maana husema mwenyewe hata kabla chai haijamiminwa. Anachobishania ni saa tu. Mkewe Glenys anasema ujinga ulianza asubuhi, Merv anasema ulianza mchana. Glenys yuko sahihi.

Walikuwa wakirudi kwao Kadina, mji ulio mbali mashariki, kutoka Esperance, wakikokota karavani yao, nyumba nyeupe ya magurudumu yenye kitanda, jiko, na baiskeli mbili zilizofungwa nyuma ambazo tangu zinunuliwe hazijapandwa na mtu. Safari ya kilomita elfu mbili. Glenys alikuwa ameigawa kwenye daftari la shule la jalada la kijani: siku nane, mahali pa kulala kila siku, na mbele ya kila mahali neno moja lililopigiwa mstari mara mbili: umeme.

Umeme ule haukuwa wa televisheni. Merv alikuwa dereva wa malori makubwa kwenye barabara hiyohiyo, mpaka daktari alipogundua kwamba akilala pumzi yake inakatika, inarudi, inakatika tena, usiku kucha. Mtu anayelala hivyo humalizia usingizi wake mchana, na kama mchana yuko kwenye usukani, basi anaumalizia hapohapo. Leseni ya lori ikaenda. Ya gari dogo ilibaki kwa sharti kwamba kila usiku alale na mashine inayomsukumia hewa puani kwa mpira na barakoa. Akishaivaa, Glenys humwita rubani.

Asubuhi kioo cha mashine huonyesha imefanya kazi kwa muda gani, na Glenys, akiwa anachemsha maji, huuliza neno moja.

"Ngapi?"

Zikiwa chini ya saa tano, rubani hagusi usukani. Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano, na bila makubaliano hayo Glenys asingetia mguu kwenye gari. Miaka mitatu nyuma aliwahi kuamka akajikuta katikati ya shamba la ngano la watu, gari linanguruma, na mumewe kando yake anakoroma. Hakutaka kuliona shamba jingine.

Sasa, usiku wa kuamkia siku yenyewe, daftari lilisema walale mji wa Norseman. Merv akasema anajua mahali pazuri zaidi, kiwanja cha changarawe kati ya miti alikokuwa akilala enzi za lori, bure na kimya. Umeme hakuna, lakini betri ya karavani ipo. Ni kweli ilikuwepo. Ilifanya kazi kwa saa mbili na dakika kumi, ikafa.

"Ngapi?" Glenys aliuliza asubuhi.

"Sita na nusu," alisema Merv, na akakigeuza kioo cha mashine ukutani kama mtu anayepanga vitu vizuri.

"Kwenye betri?"

"Si nilikwambia. Wewe na umeme wako, utadhani umeolewa na jokofu."

Glenys akacheka. Kicheko kile Merv alikikumbuka baadaye, wala hakikumpendeza.

Walifika Balladonia, kituo cha mafuta na malazi kando ya barabara, saa sita kasoro. Daftari lilisema: lala hapa. Glenys akawa tayari anavua miwani ya jua.

"Tulale sasa?" Merv alisema. "Saa sita mchana? Hata kuku watatushangaa."

"Tutapumzika. Tutasoma. Utairekebisha ile meza uliyosema utaitengeneza tangu Krismasi."

"Glenys, mpenzi, ulipanga vituo kama bado unaendesha basi la shule. Nyumba hii, simama. Nyumba ile, simama. Hapa hakuna mtoto wa kumshusha."

"Yupo mmoja, ana miaka sitini na nane."

Pale uani palikuwa na lori refu lenye matrela mawili, na dereva wake, kijana wa Kipunjabi mwenye kilemba cha buluu, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori akipiga mswaki, macho bado mazito. Merv alimtazama akatikisa kichwa.

"Mwone yule. Ndiyo kwanza anaamka. Na hao ndio waliochukua barabara yetu."

"Mwache mtu asafishe meno yake. Kwa hiyo unataka kwenda wapi?"

"Caiguna, kituo kinachofuata. Kilomita mia na themanini na mbili, na karibu zote barabara imenyooka, haina kona hata moja. Ukifunga usukani kwa kamba ya viatu unafika. Na nimelala vizuri."

Glenys alimwangalia kidogo. Kisha akafungua daftari, akafuta Balladonia, akaandika Caiguna, kwa sababu mumewe, kwa kauli yake, alikuwa amelala vizuri. Nusu saa baadaye yeye mwenyewe alikuwa amelaza kichwa kwenye dirisha, mdomo wazi kidogo, usingizi wa mtu anayemwamini anayemwendesha.

Barabara ile iliyonyooka si rafiki wa mtu mwenye usingizi wa saa mbili na dakika kumi. Ni lami, vichaka, mbingu, lami. Upepo wa kusini ulikuwa ukiisukuma karavani, na Merv akiurudisha usukani kidogo, kidogo, kama anayebembeleza mtoto, na hatimaye aliyelala akawa mbembelezaji. Hakusikia magurudumu ya kushoto yakigusa changarawe. Alichosikia ni redio.

"Karavani nyeupe yenye baiskeli mbili, uko nami?"

Wenye makaravani wana namba yao kwenye redio za kuongeleana barabarani, ambako huambiana habari za vyoo na mbwa waliopotea. Merv alikuwa amekataa kuiweka. Aliiacha redio kwenye namba ya wenye malori, kwa kiburi tu, asikie wakubwa wakiongea. Katika viburi vyake vyote vya siku ile, hicho ndicho pekee kilichomfaa.

"Karavani nyeupe, anko, amka. Rudi kulia polepole. Usikanyage breki."

Merv alifungua macho akaona kichaka kinakuja. Akarudi kulia polepole. Nyuma karavani ilitikisa mkia mara mbili, mara ya tatu, ikatulia. Akachukua kipaza sauti cha redio.

"Vizuri," sauti ilisema. "Sasa ongea nami. Unaitwa nani?"

"Merv."

"Mimi Harpal. Niko nyuma yako, ninakuona vizuri kuliko ninavyotaka. Kuna kiwanja cha kuegesha kilomita tisa mbele. Mpaka tufike hapo hunyamazi. Umekula nini asubuhi?"

"Mkate. Na vejimaiti ya kupaka."

"Ndiyo maana umezimia. Wajukuu unao?"

"Wanne."

"Wataje. Na siku za kuzaliwa."

Merv akawataja. Siku ya kuzaliwa ya wa tatu hakuikumbuka, na sauti iliyoijibu redio haikuwa ya Harpal, ilikuwa ya Glenys, aliyekuwa ameketi wima na macho meupe.

"Tarehe kumi na tisa Mei," alisema.

Kiwanja chenyewe kilikuwa cha malori. Bango lilisema hivyo, na Merv alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakipigia honi makaravani yanayokaa humo, tena kwa maneno ambayo hayaandikiki. Alijibana ukingoni kabisa. Harpal, yule kijana wa kilemba cha buluu, akaleta lile dubwana lake la matrela mawili taratibu, akalisimamisha pembeni upande wa upepo, ili karavani ikae kivulini na isitikiswe.

Glenys alishuka akaingia kwenye karavani. Akatoka na mashine mkononi.

"Mbili na dakika kumi," alisema.

Merv alitafuta pa kuangalia. "Nilisinzia kidogo tu. Jua lilikuwa machoni."

"Tunaenda mashariki, anko," Harpal alisema, akimimina chai ya maziwa yenye tangawizi kutoka kwenye chupa. "Jua lilikuwa mgongoni kwetu sote wawili."

"Msaidie, msaidie," Glenys alimwambia. "Ana mengine. Mwulize kuhusu betri."

Harpal hakuuliza kuhusu betri. Aliuliza kama ile ni mashine ya pumzi, kwa maana baba yake anayo. Akapanda kwenye lori, akashuka na waya mrefu wa rangi ya machungwa, akaupitisha dirishani mwa karavani.

"Nina umeme wa kutosha kwenye lori langu. Lala, anko. Lala usingizi wa kweli."

"Siwezi kukuchelewesha."

"Lazima nipumzike hata hivyo. Sheria."

Merv akavaa vazi lake la rubani mchana kweupe, huku nje Glenys na yule kijana wakiongea kwa sauti ya chini, na injini ya lori ikinguruma kwa ajili yake. Alilala kama jiwe lililotupwa kisimani.

Alipoamka ilikuwa saa kumi na robo. Kwa mara ya kwanza tangu jana kichwa chake kilikuwa chake. Alikaa kitandani akiusikiliza ule mngurumo, na ndipo hesabu ikamjia, hesabu ambayo mtu wa malori haisahau. Kijana alikuwa akipiga mswaki saa sita. Alikuwa ametoka kulala. Sheria haikumdai mapumziko yoyote mpaka jioni, na bila shaka huko mbele kulikuwa na mtu mwenye saa mkononi akimsubiri ashushe mzigo. Saa tatu zile zilikuwa zake, na amezigawa kwa mzee asiyemjua, aliyemtikisia kichwa pale Balladonia.

Merv akatoka na soksi.

"Ulidanganya," alimwambia Harpal, aliyekuwa akikunja waya. "Hukuhitaji kupumzika."

"Leo kila mtu anadanganya," Harpal alisema. "Uwongo wangu ulikuwa mdogo."

"Utawaambia nini huko unakokwenda?"

"Nitasema nilikuta karavani barabarani. Wataelewa. Watatukana, lakini wataelewa."

Merv alitaka kusema jambo kubwa. Lililotoka ni, "Pale uani nilikusema vibaya. Hukusikia, lakini nilikusema."

"Nilikuona unatikisa kichwa. Nilidhani ni shingo inakuuma."

Akampa mkono, na Merv akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia kuliko ilivyo desturi ya watu wa Kadina. Glenys akaleta pasti tatu, sambusa nene za kwao Kadina, zilizofungwa kwenye taulo. Harpal akauliza kama zina nyama. Zilikuwa nazo. Yeye hali nyama, basi akapewa keki ya matunda nzima nzima, ile iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya dada yake Glenys, na hakuna aliyemkumbuka dada yake Glenys.

"Laleni Caiguna, msipite hapo," Harpal alisema akipanda. "Bado kilomita sitini. Mkiondoka sasa mtafika kabla kangaruu hawajatoka. Nimewapigia watu wa Caiguna redio, wamewawekea nafasi yenye umeme."

Lori likaondoka likiacha vumbi jekundu na ukimya mwingi. Wakasimama wawili wakilitazama mpaka likawa kitone. Glenys alipangusa macho kwa ile taulo ya pasti, na Merv akajifanya anakagua tairi, akikagua kwa muda mrefu tairi lisilo na kosa lolote, akishukuru kwa kila kitu kilichokuwa mbele yake: tairi, changarawe, baiskeli zisizopandwa, viatu vya mkewe vikiwa na mkewe ndani yake.

Kisha, kwa sababu alikuwa Merv, akafungua mlango wa dereva.

"Wapi?" Glenys aliuliza.

"Caiguna. Nimelala saa tatu kamili, kaangalie kioo, safari hii sijakigeuza."

"Nimeshaangalia. Sogea pembeni."

"Glenys, upepo huu wa ubavuni, na tani mbili na nusu nyuma. Wewe hujawahi kuikokota kwenye upepo."

"Basi leo nitaanza."

"Nakushukuru, na nilikosea, na nitasema hivyo mbele ya wajukuu wote wanne. Daftari ni lako, vituo ni vyako. Lakini usukani, mpenzi, tenda haki. Barabara hii nimeijua miaka thelathini na moja."

Glenys akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Na mimi nimekujua wewe arobaini na nne," alisema. "Leta ufunguo."