Tuta Linalofuka Mvuke

Asubuhi ile ya Agosti, baridi ilikuwa haijaondoka bondeni Cato Manor, na tuta la Marcelline lilikuwa linafuka. Mvuke mwembamba ulitokea pembeni mwa nailoni nyeusi aliyoibana kwa mawe. Alifurahi kuuona. Udongo umeshika joto. Mbegu za lengalenga, mchicha wa kwao, angezipanda wiki hiyo hiyo, wenzake wakiwa bado wanangoja mvua.

Kazi ile aliijua tangu Bukavu, kwenye bustani ya masista. Unachimba shimo refu, unashindilia mavi mabichi ya farasi na nyasi kavu, unafukia kwa udongo laini kiasi cha shibiri moja, unafunika. Mavi yanajipikia yenyewe huko chini, na mbegu huko juu zinadhani baridi imekwisha. Aliyatoa mazizini Greyville, gunia kwa gunia, dereva wa teksi akimfukuzia kiti cha nyuma kabisa na mzigo wake.

Alikuwa ameinama kupapasa nailoni pale Carmel, jirani yake na Mkongo mwenzake, alipoteremka mbio, kitenge kikimfunguka.

"Dada, majirani banakuja. Banasema ulimuzika bwana yako hapa."

Marcelline alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Alilitazama tuta kwa macho ya majirani. Refu kama mtu, limefunikwa, limewekewa mawe. Na Zénon, mumewe, waligombana mtaa mzima ukisikia. Alfajiri yake akaenda Johannesburg kutafuta kazi, hakumuaga jirani hata mmoja. Jioni yake mke akaonekana na koleo.

"Nikimbie?"

"Ukikimbia umekubali."

Mlango wa Bizimana, yule Mrundi wa juu, uling'olewa kwa neno dogo kuliko hilo, na Bizimana hajaonekana tena.

Wanaume walifika na fimbo. Mbele yao alikuwa MaNgcobo, bibi aliyewapangisha chumba, mikono nyuma. Mwanaume mwenye kofia ya sufu aliyapiga mawe teke, akavuta nailoni, akachimba. Harufu ya zizi ikapanda. Akachota udongo kwa mkono, akautupa haraka, akasema neno, na wenzake wote wakarudi nyuma.

"Anasema nini?"

"Anasema chini iko moto, na hakuna moto," Carmel alinong'ona. "Anasema ni uchawi."

Hapo ndipo Marcelline alipoogopa kweli. Maiti wasingeipata, angepona. Lakini joto walikuwa wamelipata.

"Waambie ni mavi."

"Nimebaambia. Banauliza ni mavi gani yanapika udongo."

Fimbo moja ilikuwa imeshainuka. Marcelline alipiga magoti, akachota bonge la mavi na nyasi zake, akamnyooshea MaNgcobo kwa mikono miwili, kama mtu mzima anavyopewa kitu.

"Gogo," alisema, yaani bibi. Kizulu kingine chote kilikuwa kimemtoka.

MaNgcobo hakulipokea. Alivua kiatu chake, akauingiza mguu shimoni, akautuliza humo. Kisha akaanza kusema polepole, na Carmel akasahau kutafsiri mpaka alipofinywa.

"Anasema kwao Nkandla, asubuhi ya jalidi, batoto walikuwa banaingiza miguu mu mavi ya ng'ombe, bapate moto. Anasema hawa wanaume wamekulia kwenye lami, hata mavi hawayajui."

Mmoja akaguna kama anacheka. Fimbo ikashuka. Lakini mwenye kofia aliuliza kitu, na hicho hakikuhitaji mkalimani: mume yuko wapi?

MaNgcobo alimgeukia Marcelline, mguu ungali kwenye joto.

"Anasema Zénon akipiga simu, anataka asikie sauti yake, yeye mwenyewe," Carmel alisema. "Mpaka siku hiyo, hawa atabazuia."

"Mwambie ndiyo. Atapiga."

Wakapanda mlima mmoja mmoja. Marcelline alianza kurudishia udongo kwa viganja kabla haujapoa, haraka, bila kuinua uso. Alimjua Zénon akinuna. Angeweza kunyamaza mpaka lengalenga zikomae.