Rangi Niliyoipitisha

Boneti ya gari langu ilikuwa na vidonda arobaini na kimoja. Nilivihesabu mwenyewe, maana mimi ni mwalimu wa hesabu na sina subira na mtu anayesema "vingi". Barabara ya kwenda shuleni kwetu inapita kwenye machimbo ya kokoto, na malori yakitoka huko hayafuniki mzigo. Kijiwe kinaruka, kinagonga boneti, kinabandua rangi kiasi cha punje ya dengu, na baada ya mvua mbili tatu pale pana kutu. Ingekuwa shauri langu ningeviacha. Gari ni la kunifikisha niendako, si la kulitazama.

Aliyevitaka vile vidonda ni baba.

Baba alichanganya rangi za magari kwa miaka thelathini na minne, gereji ile ile, na huko walimwita Kipimo. Wengine walitegemea namba ya rangi iliyobandikwa mlangoni mwa gari. Yeye alijua kwamba gari lililoanikwa juani miaka kumi limeshaiacha namba yake, kwa hiyo alichanganya kwa jicho: tone la hii, nusu tone la ile, akapaka kidogo kwenye kifuniko cha kopo, akangoja kikauke, akakisogeza kwenye bodi. Na gereji ilikuwa na sheria moja, aliyoiweka yeye mwenyewe: aliyechanganya hapitishi. Rangi itazamwe juani, itazamwe kivulini, kisha itazamwe na mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye aseme ndiyo au hapana.

Miezi mitatu nyuma bosi wake alimwambia apumzike kwanza. Magari mawili yalikuwa yamerudishwa na wenyewe kwa hasira, mlango rangi yake na bodi rangi yake. Baba hakunieleza zaidi ya hapo. Tangu mama afariki tunaishi wawili tu, na nyumba ya watu wawili haina pengi pa kujificha, lakini yeye alijificha. Alikaa sebuleni mbele ya redio iliyozimwa. Sitanii. Nilimkuta hivyo mara mbili, na nilipoiwasha alisema asante, akaendelea kutazama ukuta. Mtu aliyeamka alfajiri maisha yake yote sasa alinawa uso saa nne. Nilimwona anakwisha, na sikuwa na la kufanya.

Kisha Jumapili moja alirudi na habari. Alikuwa amekwenda kuzungumza na bosi, na bosi angekuja nyumbani Jumapili inayofuata. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo aliomba gari langu. Angeziba vidonda vyote kwa rangi aliyoichanganya mwenyewe, hapa hapa uani, bosi aje aone. Ikikaa sawa anarudi kazini Jumatatu. Isipokaa, basi, harudi tena. Alisema hilo la mwisho akiwa anavua viatu.

"Na wewe ndiye utakayenipitishia," akaongeza.

Nikamcheka. Nikamwambia mimi najua rangi mbili tu, nyeupe ya chaki na nyekundu ya kalamu. Akasema ndiyo sababu ananitaka. Watoto wa mtaa mzima wanaiogopa ile kalamu yangu, na wazazi wao pia, na hilo baba hulisimulia kwa majirani kama sifa.

Jumatatu aliosha gari, akalikausha, akaipangusa boneti kwa spiriti ili mafuta yasibaki. Alibandika kipande cha msasa kwenye ncha ya penseli, akawa anakizungusha ndani ya kila kidonda taratibu mpaka kutu ikaisha na bati likaonekana. Kisha akagusia praima, ile rangi ya msingi, kwa kijiti cha meno. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Mimi nilishika kopo na kukaripiwa: nisipumulie rangi, nisimzibie mwanga, nisisimame kama mgeni. Nilifurahi kukaripiwa, kwa sababu miezi mitatu ilikuwa imepita bila yeye kunigombeza kwa lolote.

Jumanne alichanganya. Gari langu ni la krimu, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Alipiga magoti mbele ya makopo yake, akahesabu matone kwa sauti, akakoroga, akajaribu kwenye kifuniko, akaongeza, akajaribu tena. Mwishowe akaziba kidonda kimoja, kile cha karibu na taa ya kushoto, akangoja kikauke, akaniita.

Nikainama. Doa lilikuwa la bluu. Si bluu ya kupiga kelele, ila ile ya shati jeupe lililozidishiwa bluu ya kufulia. Mtoto wa darasa la kwanza angeliona kutoka getini.

Nilipoinua uso nikamkuta baba anapiga mluzi. Sikuwa nimeusikia mluzi ule tangu enzi za mama.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa, baba."

Mluzi ukakatika. "Usinionee haya, mama. Tazama tena, juani halafu kivulini. Kama nimepotea niambie nimepotelea wapi, narekebisha sasa hivi."

Nikazunguka upande wa pili, nikaziba jua kwa mikono, nikajifanya natazama sana. Bluu ilikuwa pale pale.

"Haionekani kabisa," nikasema. "Hata kidonda chenyewe sijui kilikuwa wapi."

Mimi huyo. Mimi ninayewapa watoto wa watu sifuri na kulala fofofo. Nilimpaka baba yangu mafuta kwa mgongo wa chupa na uso mkavu, kisha nikaingia jikoni nikawasha jiko bila kuwa na kitu cha kupika.

Siku tatu zilizofuata aliviziba vyote. Tabaka la kwanza jembamba, la pili, la tatu, kila moja likauke, kisha vanishi. Ijumaa akasugua kwa msasa laini wa maji, akang'arisha kwa kitambaa. Kila kidonda kilikaa sawasawa na bodi; ukipitisha kidole hakikwami popote. Kwa kidole kazi ile haikuwa na kasoro. Kwa macho, boneti ilikuwa kama mgongo wa kanga, madoadoa mwanzo mpaka mwisho. Kila asubuhi nilitoka na maneno yangu yamepangwa mdomoni, na kila asubuhi nilimkuta amenyoa ndevu, amevaa ovaroli yake ya kazini, na maneno yakarudi tumboni. Najichukia kwa hilo. Nilidhani namlinda.

Jumamosi nikampigia simu bosi. Nilimweleza yote na kumwomba, akija, aseme iko sawa, halafu siku nyingine atafute kisingizio kingine cha kutomrudisha. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama ni kweli niliipitisha rangi ile, nami nikasema ndiyo.

"Mwalimu," akasema, "sikujua kama ni wewe uliyepangwa kupitisha. Sasa umenimaliza na mimi."

Sikumwelewa.

Alikuja Jumapili saa nne, jua likiwa limesimama vizuri. Alimsalimia baba shikamoo, akapokea kiti, hakukikalia. Aliizunguka boneti mara moja. Alipitisha kiganja juu yake, na nikaona anausifu mkono wa baba kwa kutikisa kichwa. Baba alisimama wima kando ya taa, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Mzee," bosi akasema, "umezidisha bluu. Vyote."

"Haiwezekani," baba akajibu kwa upole. "Amepitisha mwalimu." Kisha akanigeukia, ingawa aligeukia pembeni kidogo ya pale niliposimama. "Si ulipitisha, mama?"

Nikasema nilipitisha. Akaniuliza niliiona bluu au sikuiona. Nikasema niliiona tangu lile la kwanza, Jumanne.

Baba akakivuta kile kiti cha mgeni, akaketi yeye. Ndipo nikayasikia yote, yeye akiyaeleza na bosi akimalizia. Mwaka jana daktari alimwambia mshipa wa macho unakufa, na ukishakufa haurudi. Dawa ni za kuchelewesha tu. Bluu na manjano zilitangulia kumtoka. Lakini mkono ulikuwa bado unajua. Mtu akimwambia bluu imezidi, anajua atie nini na matone mangapi hata akifumba macho. Alichohitaji ni mtu wa kumwambia. Na gerejini hakuna aliyethubutu, kwa sababu wote aliwafundisha yeye. Yale magari mawili yaliyorudishwa, vijana watatu waliyatazama, wote wakaona, wote wakasema iko sawa mzee.

Kwa hiyo alimwahidi bosi kwamba ataleta mtu wa kumsemea ukweli, na mtu huyo atakuwa anashinda naye pale gerejini siku za likizo na za Jumamosi, mpaka vijana nao wazoee kumwambia.

"Nilimwambia ninaye mmoja," baba akasema. "Nilimwambia huyo hana huruma."

Bosi alitazama viatu vyake. Akasema kama mimi mwenyewe nimeshindwa, yeye atampata wapi mwingine. Akaaga kwa heshima zote, akaondoka bila kunywa hata maji.

Nilipiga magoti pale penye makopo. Nilimwambia tuvikwangue vyote tuanze upya, leo hii, na safari hii nitasema kila kitu, nitasema hata asipouliza. Nililia kwa sauti na sikujali majirani. Baba alinishika kichwa kama nilivyokuwa mdogo.

"Leo utaniambia kweli kwa sababu inakuuma," akasema. "Ikipoa utanihurumia tena. Si kosa lako, mama. Nenda kanawe."

Afadhali angenipiga. Alifunika makopo yake moja moja, akayagonga vifuniko kwa kiganja mpaka yakabana, akayapanga stoo. Yale madoa bado yapo, naendesha nayo kila siku, na tangu shule zifunguliwe watoto wameshalipa gari jina.

Dawa za macho, ambazo kumbe alikuwa akizificha kwenye sanduku la zana, sasa zinakaa mezani. Ni chupa mbili zinazofanana, moja ya asubuhi yenye kifuniko cha bluu na nyingine ya usiku yenye cha manjano. Jumatatu ile asubuhi, siku moja baada ya bosi kuja, alizishika zote mbili, akaniuliza ya bluu ni ipi. Nikamwonyesha, nikaiweka kiganjani mwake, nikamkunjia vidole juu yake. Akanishukuru. Kisha akainuka na chupa zake mbili, akapapasa ukuta bila kuficha tena hadi mlangoni, na nikamsikia akimwomba jirani amtazamie ya bluu ni ipi.