Nywila ya Senyo

Programu ya matokeo ya mitihani aliiandika Senyo, mwenzangu wa ofisini, akaiacha wazi ili chuo chochote kiichukue bure. Vyuo kumi na kimoja viliichukua. Lakini kubadilisha hata mstari mmoja, lazima yeye aukague kwanza, kisha auidhinishe kwa nywila yake. Miaka sita alimwomba mkuu wetu wa kitivo, Profesa Amoako, amtafutie msaidizi.

"Kitu cha bure kinataka watu wawili wa nini?" Amoako alicheka, na baadhi yetu, Mungu atusamehe, tukacheka naye.

Jumamosi tuliulaza mwili wa Senyo ukumbini kwao, mji wa Ho nchini Ghana, kavishwa kitambaa cha kente, waombolezaji wakipita kumuaga. Amoako akapenya hadi nilipokaa na mjane, Esinam. Hata pole hakutoa.

"Dada Mawusi, programu imekwama tangu Jumanne. Nywila kamwachia nani?"

Esinam akainuka, akamshika Amoako mkono taratibu, akamfikisha kitandani kwa maiti.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Naye akikuuliza msaidizi wake anakuja lini, umjibu."