Kaburi Lililopakwa Chokaa

Mvua ilianza siku Ermina Laronde aliposhuka kwenye ndege, na siku ya tatu ilikuwa bado inanyesha. Haikuwa mvua ya kutisha. Ilikuwa ile ya mwisho wa Oktoba, inayokwenda na kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli wake. Vimbunga vilikuwa vimekwisha kupita na watalii walikuwa hawajaanza kuja. Katika nyumba ya wageni ya Bi Odile vyumba vyote sita vilikuwa vitupu isipokuwa chake, na shuka zake zilinuka unyevu hata baada ya kupigwa pasi.

"Watu wa Kanada huja Februari," Bi Odile alimwambia, akimmiminia chai ya kakao. "Wewe umekuja na vyura."

Ermina alicheka. Bi Odile alijua vizuri kwa nini amekuja, na kijiji kizima cha Petit Fond kilijua. Amekuja kwa ajili ya Watakatifu Wote, jioni ile ya tarehe mosi Novemba ambapo kisiwa kizima cha Dominika huenda makaburini kuwawashia marehemu wao mishumaa. Alikuwa ameondoka miaka thelathini na mmoja iliyopita. Mama yake, Mama Titin, alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, na Ermina hakuja kumzika, maana karatasi zake za Kanada zilikuwa hazijakamilika. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi kwenye kazi iliyokuwa ikilisha nyumba ya huku. Baadaye karatasi zilipatikana, lakini miaka nayo ikaja na sababu zake. Sasa alikuwa na umri wa miaka sitini, na katika rozari yake ya kila siku alikuwa na ombi moja tu: Mungu amfikishe kwenye kaburi la mama yake, apige magoti, awashe mshumaa, aseme nisamehe.

Mtu aliyekuwa akimchelewesha ni mdogo wake mwenyewe, Hilarion, ambaye kila mtu alimwita Lario. Wiki ile kila familia ilikuwa makaburini ikipalilia na kupaka chokaa, na kila asubuhi Ermina alimwomba ampeleke. Lario hakukosa neno la kumjibu. Mara njia ina utelezi, mara ana ndizi za kukata kabla mvua haijazidi.

"Nimeshapalilia, dada. Na chokaa nimepaka," alisema. "Unataka uvunjike mguu halafu nikubebe mimi? Na mkate wote huo uliokula Toronto?"

Ermina alimwambia kwamba mvua haimtishi, maana amekuja na mishumaa ya betri. Katika nyumba ya wazee anakofanya kazi moto hauruhusiwi, kwa hiyo mzee akifariki huweka taa kama hizo mlangoni pake. Lario aliuchukua mmoja, akaubonyeza ukawaka, akaubonyeza ukazima.

"Mama atadhani umemletea tochi."

Kisha akaacha mzaha. Alimwambia kwa upole kwamba mshumaa ni wa kuyeyuka hadi uishe, hapo ndipo mtu anajua ametoa kitu. Huu atauzima na kurudi nao kwenye mkoba? Ermina aliona haya. Kumbe amekaa ugenini kiasi hicho. Alivaa koti la mvua, akaenda kwenye duka la karibu na kanisa, akanunua mishumaa minne ya nta.

Siku yenyewe mvua ilipungua saa kumi na moja jioni. Padri alipita kati ya makaburi akiyanyunyizia maji ya baraka, ingawa mbingu ilikuwa imeyanyunyizia kutwa nzima, na watu wakacheka naye. Kila upande viliwaka vimoto vidogo vya mishumaa, vingine ndani ya chupa zilizokatwa, vingine chini ya vipande vya bati. Watoto walifinyanga matone ya nta kuwa mipira, wakatupiana, wakakemewa, wakaendelea.

Lario alimshika dada yake mkono, akampeleka hadi pembeni kabisa, karibu na ukuta. Pale palikuwa na mawe ya mtoni yaliyopangwa kwa urefu wa mtu, yamepakwa chokaa. Chokaa ilikuwa bado mbichi na mvua ilikuwa imeiteremsha kwenye nyasi kama maziwa.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa," alisema Lario, akageuza uso kumtazama padri.

Ermina alipiga magoti kwenye tope. Aliwasha mishumaa yote minne, akaikinga kwa mwavuli, akazungumza na mama yake kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Alimweleza habari za karatasi. Alimweleza jinsi alivyosafisha wazee wa watu wengine, akawalisha kwa kijiko, na katika kila mmoja akamwona yeye, mama. Akasema neno alilobeba miaka kumi na tisa. Alilia, na alipomaliza alihisi kifua kimepata nafasi. Akamshukuru Mungu.

Alikuwa anainuka alipomsikia mwanamke akisalimia nyuma yao. Alikuwa Verlyn, jirani yao wa ng'ambo ya mto, naye alikuwa amesimama kwenye kaburi la vigae hatua kumi kutoka pale.

"Habari za jioni, Lario. Nimechelewa, mwaka huu kiberiti changu kimelowa. Nina mishumaa miwili kama kawaida, wa Janelle na wa Mama Titin."

Verlyn alimwona Ermina, akaona mishumaa minne, akaelewa, akaweka kiganja mdomoni.

Ermina alimtazama mdogo wake. Lario alisema yote bila kusimama. Mama alizikwa kwenye udongo mtupu, na kaburi la udongo, miaka ikipita, hufunguliwa kwa mwingine. Wote wanalijua hilo. Kile kimbunga kikubwa kilipokuja, mteremko uliporomoka na nusu ya makaburi ikaenda na mto. Mto huohuo ulimchukua Janelle, binti wa Verlyn, mwenye miaka tisa. Walimpata siku ya tatu. Hapakuwa na mahali pa kumweka.

"Alikuja mlangoni na mtoto amemfunga kwenye pazia," alisema Lario. "Ningesema nini, dada? Nikasema, mlaze na mama."

"Na juzi ulishindwa kuniambia?"

"Miaka thelathini na mmoja, umekuja mara moja. Nikaona siwezi kukuonyesha kaburi lenye jina la mtoto wa mwenzio. Nikapanga mawe. Nikasema, Mungu atampelekea mama hayo maneno, yeye anajua alipo."

Ermina alitafuta hasira ndani yake. Aliitafuta kweli, maana alistahili kuwa nayo, lakini kila alipoishika aliliona lile pazia. Alikwenda kwenye kaburi la vigae. Verlyn alisogea kumpisha.

"Siku ile ya kumzika nilimwomba mama yako humu kaburini anishikie mtoto," Verlyn alisema. "Nilimwambia, sina mwingine wa kumwachia. Basi kila mwaka namletea mshumaa wake."

Ermina alijaribu kulisema tena lile neno, sasa mahali pake. Halikuja. Alikuwa amelimaliza kwenye nyasi tupu, na moyo haukuwa na jingine. Kisha akatambua kwamba aliyemzika mama peke yake, akachimba kwa mikono yake, amesimama nyuma yake akilowa.

"Lario. Wewe nisamehe."

Lario aliondoa kofia, akaikamua maji, akaivaa tena. Kwenye simu, miaka ile, alikuwa amemwambia Ermina kwamba mama alilala tu, hakuamka.

"Hakulala," alisema sasa. "Alikaa siku tatu kitandani. Alikuwa anakuulizia. Nikamwambia, Mina yuko njiani, mvua imemshika. Akasema, basi msifunge mlango."

"Mkaufunga?"

"Hatukuufunga. Maji yaliingia mpaka chini ya kitanda. Alikufa Ijumaa asubuhi, mlango uko wazi."

Mvua ilianza tena, nyepesi. Verlyn alifanya ishara ya msalaba na kuanza Salamu Maria, na wawili wale wakafuata. Ermina alisali nao vizuri mpaka walipofika kwenye maneno ya mwisho, "sasa na saa ya kufa kwetu". Hapo sauti yake ilikatika, na wenzake wakamalizia bila yeye.